Mfalme Aliyeletwa kwa Ngamia: Mhadhara juu ya Dola Kubwa na Nchi Ndogo

Nimeombwa niseme jioni hii juu ya jambo ambalo kila mwenye kusoma tarikh amelikuta mara nyingi, nalo ni kwamba dola kubwa, yenye mali na silaha na maaskari wasiohesabika, huingia katika nchi ndogo kwa muda wa miezi michache tu, ikauteka mji mkuu na kupandisha bendera yake juu ya husuni, kisha ikatumia miaka mitatu, au mitano, au ishirini, kujaribu kukaa pale ilipokwisha kufika, na mwisho ikaondoka na kuyaacha mambo kama ilivyoyakuta, au mabaya kuliko ilivyoyakuta. Sikusudii kuzitaja dola zote zilizopatwa na msiba huo, maana ni nyingi na usiku ni mfupi. Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu nakiona kuwa ni mama wa visa vingine, na kingine kwa sababu kilitokea jirani na sisi na wazee wetu walikuwamo ndani yake. Vilivyosalia nitavipita kama mpita njia anayetoa salamu bila kuketi barazani.

Mwaka wa 1838 sehemu kubwa ya Bara Hindi ilikuwa chini ya Kampuni ya Waingereza, na Gavana Mkuu wake, Lord Auckland, alikuwa ameingiwa na hofu ya Warusi, ambao majeshi yao yalikuwa mbali sana lakini wajumbe wao walikwisha kuonekana Uajemi na hata Kabul kwenyewe. Kabul ilitawaliwa na Amiri Dost Mohammad Khan, mtu aliyepanda kwa upanga na kwa hila, kama walivyopanda wengi kabla yake, lakini ambaye baada ya kupanda alijulikana kwa kuketi mwenyewe kusikiliza mashitaka ya raia, hata mnyonge akaweza kumkabili na kudai haki yake. Waingereza walikuwa na mjumbe wao kwake, Alexander Burnes, kijana hodari wa lugha ya Kiajemi, naye aliwaandikia wakubwa wake kuwashauri wafanye urafiki na Amiri huyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine katika nchi ile ambaye neno lake lilisikiwa kama lake. Shauri hilo halikukubaliwa. Amiri alitaka arudishiwe Peshawar, mji uliotwaliwa na Makalasinga wa Ranjit Singh, na Ranjit Singh alikuwa rafiki wa Kampuni. Basi kuliko kumkasirisha rafiki mmoja kwa ajili ya kumpata wa pili, Auckland na washauri wake waliona heri wawe na mfalme wao wenyewe.

Mfalme huyo walikuwa naye tayari, wamemweka akiba. Jina lake ni Shah Shuja, mjukuu wa mwanzilishi wa ufalme wa Waafghani, aliyekuwa amekalia kiti cha Kabul hata akaondolewa mwaka wa 1809, na tangu alipokimbilia upande wa Waingereza alikuwa akiishi Ludhiana kwa posho ya Kampuni, pamoja na wake zake na watumishi wake na kumbukumbu zake. Alikuwa amejaribu kurudi kwa nguvu zake mwenyewe, akashindwa. Tarehe 1 Oktoba 1838 likatolewa tangazo huko Simla kwamba Shah huyo ndiye mwenye haki, na kwamba watu wa Kabul wanamngojea kwa shauku, na kwamba majeshi ya Waingereza yatamsindikiza tu, kisha yarudi. Na ajabu ya vita hivyo ni kwamba sababu yake ilikwisha kabla havijaanza: Waajemi, ambao kuuzingira kwao mji wa Herat ndiko kulikoleta hofu yote, walikuwa wameondoka Septemba ya mwaka ule ule, lakini maaskari walikwisha kuitwa, ngamia walikwisha kukodiwa, na dola kubwa ikishapiga ngoma huona haya kuacha kucheza.

Ngamia wenyewe walikuwa wapatao 30,000. Inasimuliwa kwamba kikosi kimoja kilitenga ngamia wawili kwa ajili ya kuchukua sigara za maofisa peke yake, na mimi naisadiki hadithi hiyo, kwa kuwa nimeona katika maisha yangu mizigo ya wakubwa wanaokwenda safari ya siku mbili. Jeshi lilipita mlango wa milima ya Bolan, ngamia wakifa njiani kwa maelfu, likafika Kandahar katika Aprili ya 1839, likalipasua lango la Ghazni kwa baruti tarehe 23 Julai, na tarehe 7 Agosti Shah Shuja akaingia Kabul juu ya farasi mweupe, amevaa vito, baada ya miaka thelathini. Watu walitoka kutazama. Walioandika habari za siku ile wanakubaliana kwamba hapakuwa na shangwe wala vigelegele; watu walitazama kimya, kama watu wanavyotazama bwana harusi ambaye hakuna aliyemposea.

Tuiache Kabul kwa kitambo, niwaeleze ninaloliona mimi kuwa ndiyo asili ya jambo lenyewe. Katika miji yetu ya pwani, mtu aliyetaka kuchukua bidhaa kwa mkopo ili asafiri nazo bara hakuulizwa kwanza ana bunduki ngapi. Aliulizwa ni nani mdhamini wake. Mdhamini si lazima awe tajiri wala hodari. Ni mtu ambaye akisema, "Huyu yuko juu yangu," mwenye duka hufungua ghala, kwa sababu anamjua baba yake na anajua msikiti anamosali na nyumba alimooa, na anajua kwamba mambo yakiharibika hatakuwa na mahali pa kukimbilia. Utawala nao, kwa dhana yangu, ni mkopo wa namna hiyo. Askari wawili wakiingia kijiji chenye wanaume mia tatu kudai ushuru, na ushuru ukatolewa, hatuwezi kusema kwamba wanaume mia tatu wamewaogopa wawili. Wamemwitikia mzee wao aliyesimama akasema toeni, naye wamemwitikia kwa sababu kesho askari watakwenda zao na yeye atabaki, na kaburi lake litachimbwa pale pale. Mshindi anayetoka mbali, hata akiwa na mizinga kiasi gani, hana mtu wa kusema, "Huyu yuko juu yangu." Mizinga yake itamfikisha, lakini ili alale salama pale alipofika hana budi kumpata mdhamini.

Sasa mwenye nguvu kidogo hulazimika kuuliza: nani hapa anasikiwa, na anataka nini? Mwenye nguvu nyingi hujiona hana haja ya kuuliza, na kwa hiyo humwendea mdhamini wa kweli kwa dharau, akamfukuza au akamuua, kisha akaleta mwingine aliyemtengeneza mwenyewe, mtiifu, mwenye adabu, anayejua lugha ya mgeni na anayekula chakula chake, naye ni mtu mwema kwa kila jambo ila lile moja alilotakiwa, maana akisema, "Huyu yuko juu yangu," watu humwuliza, "Na wewe uko juu ya nani?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa Shah Shuja. Kila askari wa Kiingereza aliyekaa Kabul kumlinda alikuwa ni shahidi kwamba Shah hawezi kukaa mwenyewe, na kila mwezi uliozidi ulizidisha ushahidi. Kwa hiyo tangazo la Simla lilikuwa limejifunga kwa kamba yake: majeshi hayakuweza kuondoka kwa sababu mfalme angeanguka, na mfalme hakuweza kusimama kwa sababu majeshi hayakuondoka. Hata Dost Mohammad alipojileta mwenyewe Novemba 1840, akamkabidhi upanga wake balozi wa Waingereza, Macnaghten, nje ya mji, siku moja tu baada ya wapanda farasi wake kuwatimua wapanda farasi wa Kampuni, Waingereza waliona kwamba shida imekwisha. Wakamchukua kwa heshima wakampeleka Bara Hindi, wakampa posho nene kuliko ile waliyokuwa wakimpa Shah Shuja alipokuwa mgeni wao. Kwa ufupi, yule aliyesikiwa wakamtoa nchini, na yule asiyesikiwa wakamwachia kiti, kisha wakaleta wake zao na watoto wao, na mivinyo, na farasi wa mashindano, wakajenga kambi nje ya mji mahali pa bondeni, panapotazamwa kutoka kila kilima, na ghala ya chakula wakaiweka nje ya kuta za kambi.

Wapo wanaocheka kwa habari ya ghala ile, na inachekesha kweli, lakini mimi huiona kama hati iliyoandikwa kwa mkono wao wenyewe. Mtu haweki chakula chake nje ya nyumba ila akiamini kwamba majirani wamekwisha kuwa wake. Na majirani hawakuwa wao. Jeshi lenye fedha nyingi lilipoingia sokoni bei ya nafaka ilipanda, maskini wa Kabul wakala kidogo. Na katika nchi ambayo mwanamume huweza kuvumilia kupokonywa shamba lakini asivumilie kuguswa mwanamke wa nyumba yake, maofisa vijana walifanya yale ambayo vijana walio mbali na kwao hufanya, na waume na ndugu walipokwenda kushitaki hawakupata kadhi wa kuwasikiliza.

Walakini jambo lililowaangusha hasa halikutoka sokoni wala vyumbani. Lilitoka katika daftari. Njia ya kutoka Kabul kwenda Jalalabad, na kutoka huko kwenda Bara Hindi, hupita katika milango ya milima iliyokuwa mikononi mwa Waghilzai, na tangu zamani watawala wa Kabul waliwapa wakuu wa Waghilzai ruzuku kila mwaka ili wasafiri na barua zipite salama. Wageni wengine waliiita ruzuku hiyo rushwa, na wengine kodi ya wanyang'anyi. Mwenye kujua mambo angeiita dhamana, kwa maana kwa fedha ile wakuu wale walijifunga kuwa juu yao kila kitakachopotea njiani, na kwa muda wa miaka miwili waliitimiza ahadi. Lakini vita vilikuwa vimemeza mali nyingi, na Calcutta na London wakawa wanauliza kwa nini Kabul inakula fedha bila kurudisha kitu. Macnaghten akatafuta mahali pa kupunguza. Hakuona mahali pepesi kuliko pale. Akawaita wakuu wa Waghilzai katika vuli ya 1841 akawaambia kwamba ruzuku yao imekatwa nusu. Walisikiliza kwa adabu, wakaaga, wakaenda zao. Mkono mtupu haulambwi. Baada ya siku chache msafara ulinyang'anywa na njia ikafungwa.

Mabwana, fikirini uzito wa kalamu ile. Dola iliyotumia mamilioni kufika ikafunga mlango wake yenyewe kwa kuokoa rupia elfu kadhaa, na aliyeukata mshahara ule hakuwa mjinga. Alikuwa mtumishi hodari, mjuzi wa lugha nyingi, aliyekuwa akingojea kwenda Bombay kuwa gavana. Ila kwake yeye Waghilzai walikuwa ni mstari mmoja katika hesabu ndefu, na kwa wakubwa wake Kabul yote ilikuwa ni mstari mmoja katika hesabu iliyo ndefu zaidi, pamoja na Uchina na Misri na bei ya pamba. Hapa ndipo ninapoona udhaifu ulio wa asili katika ukubwa wenyewe. Kwa dola kubwa nchi ndogo ni shughuli moja miongoni mwa shughuli, huangaliwa asubuhi na kusahauliwa adhuhuri. Kwa mwenye nchi hakuna shughuli nyingine. Mwenye nchi akikosea leo, kesho yuko pale pale kulirekebisha kosa lake, ilhali mtawala wa mbali hupata habari za kosa lake wakati limekwisha kuzaa.

Mengine yanajulikana, nami nitayapita upesi. Tarehe 2 Novemba 1841 Burnes, yule yule aliyeshauri urafiki na Dost Mohammad, alizingirwa nyumbani kwake ndani ya mji akauawa, na jeshi lililokuwa karibu likabaki kambini kwa sababu Jemadari Elphinstone, mzee mgonjwa wa jongo, hakuweza kukata shauri. Ghala ya chakula ikatekwa. Macnaghten akajaribu kuwagonganisha wakuu wa Waafghani kwa barua za siri, moja akimwahidi huyu na nyingine akimwahidi yule, na tarehe 23 Desemba akauawa katika mazungumzo na Akbar Khan, mwana wa Dost Mohammad. Tarehe 6 Januari 1842 wakatoka, maaskari wapatao 4,500 na wafuasi wa kambi wapatao 12,000, wengi wao Wahindi wasiopata kuona theluji, wakaingia katika milango ile ile ya Waghilzai. Siku saba baadaye daktari mmoja, William Brydon, alionekana kutoka ukutani mwa Jalalabad, amejeruhiwa, juu ya farasi asiyeweza kwenda mbele. Wengine waliotekwa walirudi baadaye. Wengi mno hawakurudi.

Vuli ya mwaka ule Waingereza walileta jeshi jingine, wakaiteka Kabul mara ya pili bila taabu kubwa, wakalichoma soko lake kubwa lenye dari, kisha wakaondoka. Shah Shuja alikuwa amekwisha kuuawa mwezi wa Aprili. Na Dost Mohammad je? Wakamfungulia mlango, akarudi 1843, akaketi mahali pake, akatawala hata alipokufa mwaka wa 1863. Naye mwaka wa 1857, maaskari wa Kihindi walipoiasi Kampuni na mpaka wa Peshawar ukawa mtupu, walikuwapo waliomshawishi ashuke autwae mji alioutamani umri wake wote. Akakataa, akashika mkataba aliokuwa ametiliana sahihi na Waingereza. Kile walichokitafuta kwa ngamia 30,000, yaani jirani wa kuaminika kule Kabul, walikipata kwa karatasi na posho, kwa mtu yule yule ambaye Burnes aliwaambia tangu mwanzo.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni kwamba sababu ni milima. Milima ni mikubwa, sikatai. Lakini milima ilikuwapo mwaka wa 1839 na jeshi likapita. Ilikuwapo mwaka wa 1840, na barua zikaenda na kurudi, na mabibi wakaja kwa machela kujiunga na waume zao. Milima ile haikuongezeka kimo hata unyayo mmoja katika vuli ya 1841.

Nitawatajia waliokuja baadaye kwa maneno machache. Warusi walimuua Hafizullah Amin, mtawala wa Kabul, Desemba 1979 wakamleta Babrak Karmal kutoka ng'ambo, na ngamia safari hii alikuwa na mabawa. Kwa miaka sita na zaidi hawakumpata mdhamini, wakambadilisha, wakamweka Najibullah, nao wakavuka mto Amu kurudi kwao tarehe 15 Februari 1989. Wengi walidhani Najibullah ataanguka kwa wiki chache; alidumu miaka mitatu, kwa kuwa alijifunza kuwalipa na kuwasikiliza wakuu wa mahali mahali, akaanguka wakati fedha ya Moscow ilipokatika, nami sihitaji kuwakumbusha mahali mlipoisikia habari hiyo dakika chache zilizopita. Wamarekani nao waliingia mwaka wa 2001 na kumkubali Hamid Karzai, ambaye kwa kabila ni Mpopalzai kama Shah Shuja, jambo ambalo huenda halikuwashughulisha watu wa Washington lakini wazee wa Kabul hawakulisahau. Mwaka wa 2021 maaskari wa serikali waliokuwa wakihesabika katika daftari kuwa laki tatu waliyeyuka kwa majuma machache, na miji mingi haikutekwa kwa vita; ilikabidhiwa baada ya wazee kwenda huku na huku kufanya sulhu, na sulhu hizo za wazee hakuna daftari la mgeni lililoziandika.

Ipo hoja nzito kuliko ya milima, na sitaki kuikimbia. Mtu atasema: mbona wengine walikaa? Wafaransa walikaa Algeria miaka 132. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuja Tanganyika, na watu wakainuka dhidi yao, kwanza pwani wakati wa Abushiri, kisha Uhehe, kisha kusini nzima katika Vita vya Maji Maji kuanzia 1905, na bado Wadachi wakabaki hata walipotolewa na Wazungu wenzao. Ni kweli. Lakini angalieni jinsi walivyobaki. Katika nchi za kusini, Wadachi walikuwa wamewaondolea watu wazee wao wakawawekea maakida, wengi wakiwa wageni wa pwani wasio na ukoo pale, wakusanya kodi na wasimamizi wa mashamba ya pamba ya kulazimishwa; na vita vilipoanza, maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandamwa. Wadachi hawakuvimaliza vita vile kwa kumpata mdhamini. Walichoma mashamba na maghala, wakaiacha njaa ifanye kazi ambayo bunduki haikuiweza, na nchi pana ikabaki na makaburi na nguruwe mwitu. Nchi huweza kushikwa hivyo, sitawadanganya. Kwa hiyo ninaposema kwamba dola kubwa hushindwa kuishika nchi ndogo, nina maana kwamba hushindwa kuishika ikiwa nchi, yenye watu wanaolima na kuuza na kushitakiana. Kuishika ikiwa pori huweza.

Na hapo ndipo ninapofika Uhabeshi. Mwaka wa 1896 Wataliani walishindwa Adwa na Mfalme Menelik, na kidonda kile kiliwakaa miaka arubaini. Tarehe 3 Oktoba 1935 Mussolini alituma majeshi yake kuvuka mto Mareb, yenye ndege na vifaru, na hewa ya sumu ambayo Italia yenyewe ilikuwa imetia sahihi kutoitumia. Tarehe 5 Mei 1936 wakaingia Addis Ababa, siku tatu baada ya Haile Selassie kuondoka kwa gari la moshi kwenda Djibouti, na siku nne baadaye Mussolini akatangaza kwamba Roma imepata tena himaya. Swali lililobaki lilikuwa ni la mdhamini. Uhabeshi ulikuwa na maras na madejazmach, watu wenye nchi zao na wafuasi wao, na wengine kati yao hawakumpenda Haile Selassie hata kidogo. Na ulikuwa na kanisa la kale ambalo mkulima alilisikiliza kuliko alivyomsikiliza mfalme. Walikuwapo maofisa wa Kitaliani walioshauri kwamba watu hao wapewe sehemu yao. Mussolini akaagiza kwamba mamlaka hayatagawanywa na maras.

Basi wakaanza kuwamaliza, mmoja baada ya mwingine. Askofu Abuna Petros alipigwa risasi hadharani Addis Ababa tarehe 29 Julai 1936. Wana wawili wa Ras Kassa, Aberra na Asfawossen, walijisalimisha Fiche mwezi wa Desemba kwa ahadi ya usalama, wakauawa. Ras Desta, mkwe wa mfalme, alikamatwa akauawa Februari 1937. Na tarehe 19 ya mwezi huo huo, vijana wawili walipomtupia makombora ya mkono Graziani, makamu wa mfalme wa Italia, alipokuwa akigawa sadaka kwa maskini katika baraza ya kifalme, Wataliani waliuachia mji siku tatu za kuua na kuchoma, wakafa maelfu kwa maelfu, wakiwamo wengi wa vijana wachache waliokuwa wamesoma ng'ambo. Mwezi wa Mei watawa wa Debre Libanos wakauawa kwa mamia. Hata waimbaji wa njiani na watabiri walikamatwa na kuuawa kwa amri ya Graziani, kwa kuwa walikuwa wakitabiri katika masoko kwamba utawala wa wageni utakwisha. Na amri hiyo mimi huiona kuwa ya ajabu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba Graziani alijua vyema ni nani anayesikiwa na watu, akaitumia elimu hiyo kwa kuwaua.

Kabla ya mwaka kwisha Gojjam na Begemder na Lasta yalikuwa yamewaka. Wataliani walikuwa na barabara nzuri, maana hilo wacha tuwape haki yao, walijenga barabara na madaraja ambayo watu waliyatumia miaka mingi baadaye. Lakini hatua mia moja nje ya barabara haikuwa nchi yao. Walikaa katika maboma, wakiletewa unga na risasi kwa misafara, kama watu walio juu ya mwamba bahari ikijaa.

Mtasema kwamba Waingereza ndio waliowatoa, na kwamba dola kubwa ilitolewa na dola kubwa. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wangekubali nusu ya maneno hayo, kwa kuwa walikuwamo: walipanda kutoka Kenya mwanzoni mwa 1941, watu wa Kenya na Uganda na Tanganyika na Nyasa, wakiamrishana kwa Kiswahili, wakapita Somalia na kuingia Addis Ababa mwezi wa Aprili. Lakini angalieni upande wa Gojjam, ambako Haile Selassie aliingia kutoka Sudan mwezi wa Januari pamoja na Wingate, ofisa wa Kiingereza, na kikosi kisichofika hata robo ya Wataliani waliokuwa mbele yao. Walipita kwa kuwa wenye nchi, waliokuwa wakipigana peke yao miaka mitano, waliwaonyesha njia na kuwapa chakula na habari. Tarehe 5 Mei 1941 mfalme akaingia mji wake, miaka mitano kamili tangu siku ile ulipotekwa.

Graziani hakuwapo tena. Alikuwa amekwisha kuondolewa mwishoni mwa 1937, na mahali pake akaletwa Amedeo, Duke wa Aosta, mtu mrefu wa ukoo wa kifalme, mpole wa maneno, ambaye adui zake wenyewe walimsifu kwa uungwana. Huyu alifika na rai nyingine. Alipunguza mauaji, akataka kuzungumza na wakuu wa nchi, akaanza kutafuta watu ambao wangesimama mbele ya wenzao na kusema kwamba Wataliani wako juu yao. Wachache walikuja, na wengi wa waliokuja hawakuwa na wafuasi, kwa kuwa wenye wafuasi walikuwa Fiche chini ya udongo, au vichakani na bunduki zao, wakikumbuka ahadi waliyopewa wana wa Ras Kassa.

Duke alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941, akaletwa kwetu mfungwa wa vita, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 kwa kifua kikuu na malaria. Aendaye Nyeri leo hulikuta kanisa la Wataliani upande ule unaoutazama Mlima Kenya, na ndani yake limo kaburi la Duke, na ukutani kumezungushiwa mifupa ya mamia ya maaskari wake waliokufa kifungoni na vitani, pamoja na majina yao.